Kigari cha Nesi Yunia na Maji ya Dunga

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Ni saa nzuri, ina picha ya samaki, lakini ilikuja bila betri. Karakana nzima ya umeme wa magari, na hakuna aliyekumbuka betri. Siku ile sikusema kitu kwa sababu keki ilikuwa imeshakatwa. Nimeitia betri mwenyewe, na sasa inanionyesha kwamba nina muda wa kuwaandikia yale mliyokuwa mkiniuliza wakati wa chai nami nikiyajibu nusu nusu.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikuwa vya kutajwa. Nitawasimulia juu ya kile kigari cha umeme, kwa sababu nyinyi mnaofunga pikipiki za umeme mnadhani jambo hili lilianza juzi, na kwa sababu ndani yake kuna kosa langu ambalo wengi wenu mmelisikia kwa upande.

Nilifika karakanani mwanzoni mwa miaka ya themanini kuomba kazi ya kupiga taipu. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, la samawati. Karani akaniambia nafasi imejaa tangu jana. Nilipokuwa nikitoka nikapita kwenye chumba cha betri, na humo alikuwa Mzee Swaleh, amekiinua kipimo cha asidi hadi kwenye dirisha huku amekunja uso. Kipimo hicho mnakijua: mrija wa kioo wenye kielea ndani, betri ikiwa na nguvu kielea kinapanda, ikiwa imechoka kinazama. Mistari yake ni midogo kama nywele.

"Binti," akaniuliza bila kugeuka, "huu mstari unaona uko wapi?"

Nikamwambia. Akaniomba nimsomee seli ya pili, kisha ya tatu, na kufika saa sita mchana nilikuwa nimemsomea betri kumi na moja. Jioni akaenda kwa mwenye karakana akasema amepata macho. Gauni likatoboka matobo manne ya asidi siku hiyo hiyo, na mama yangu akalifanya tambara la kudekia.

Mzee Swaleh alizaliwa Kisumu hapa hapa, lakini babu zake walitoka pwani na wengine Sudan, na alikuwa Mwislamu wa kushika saa za sala kuliko saa za karakana. Alikuwa mrefu, mpole, na mwenye masharti. Kila betri aliifuta juu kwa maji ya magadi kabla ya kuifungua. Kila waya aliuvuta mara mbili baada ya kuukaza. Nikimuuliza kwa nini mara mbili, ananiambia mara ya kwanza ni ya waya na ya pili ni ya fundi.

Masharti yake makubwa yalikuwa ya maji. Betri za siku zile zilikunywa maji, na maji safi ya dukani yalitoka Nairobi, mara yakija mara yasije. Tulitumia maji ya mvua. Yasiwe ya mvua ya kwanza, kwa sababu hiyo inaosha vumbi la paa. Yasiwe ya bati jipya. Yasiwe ya paa lililo karibu na jiko la mkaa. Na hata yakipita hapo kote, Mzee Swaleh alichovya kidole, akaweka tone ulimini, akafumba macho. Akitema, pipa zima linamwagwa. Niliwahi kumwona akikataa maji ambayo mimi niliona ni safi kama ya Jumapili. Alisema yana bati ndani, na tulipokwenda kuangalia tukakuta mfereji wa paa umebadilishwa kipande.

Miaka michache baadaye alikuja Injinia Omollo. Alikuwa kijana wa Seme, amesomea umeme ng'ambo, na alirudi na miwani minene na wazo moja. Alisema mji kama Kisumu, tambarare kutoka ziwani hadi Kondele, hauhitaji gari la kwenda kasi. Unahitaji kigari cha watu wawili, kinachochajiwa usiku na kutembea mchana. Mwenye karakana alimwambia afanye apendavyo baada ya saa za kazi, mradi asitumie kitu kinachouzika.

Kwa hiyo tulitumia visivyouzika. Mota ilitoka kwenye mashine ya kunyanyulia mizigo iliyokuwa imelala gatini kwa miaka. Magurudumu na usukani vilitoka kwenye gari dogo lililokuwa limegongwa nyuma. Chasi tuliichomelea wenyewe. Bodi ilikuwa ya mabati na milango ya turubai. Betri zilikuwa nane za seli tatu tatu, nne mbele na nne chini ya kiti, na uzito wake ulizidi wa abiria wote wawili wakiwa wameshiba. Hatukuwa na vile vidude vyenu vya kupunguza umeme taratibu. Tulikuwa na swichi ya mkono ya hatua nne, kubwa kama ya kinu cha posho, na kidude cha kukanyaga cha kuunganisha na kukata umeme. Hatua ya kwanza iliwasha betri mbili, ya pili nne, na kuendelea.

Siku ya kwanza Injinia aliruka hatua moja. Kigari kilichumpa kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, miwani ikagonga usukani, na Mzee Swaleh, aliyekuwa amekaa kando, akatamka shahada. Tukafunga kizuizi ili swichi isiweze kurukwa. Kila jambo jema katika kigari kile lilitokana na kitu kilichovunjika.

Shida nyingine hatukuitarajia. Hakikuwa na sauti. Pale mjini baiskeli za abiria zilikuwa zimejaa, na waendeshaji wake walizoea kusikia gari kabla ya kuliona. Sisi tuliwatokea mgongoni. Watu wakakiita Ling'thi, ambalo kwa Kijaluo ni kama kusema kimya kabisa, na wengine wakasema si kitu cha kawaida, waulizwe wazee. Honi ilikula umeme, basi nikafunga kengele ya baiskeli karibu na usukani. Tangu siku hiyo tulipita mjini tukilia kama muuza barafu.

Kilitembea miaka kadhaa hivyo, kikibadilishwa hiki na kile, na hakuna aliyekihitaji. Watu walikuja kukitazama, wakagonga bodi kwa vidole, wakauliza kinabeba magunia mangapi. Injinia alianza kuchoka. Ndipo akaja Nesi Yunia.

Yunia alikuwa nesi mkunga wa kutembelea kina mama waliojifungua. Mguu wake wa kushoto ulidhoofishwa na polio akiwa mtoto, na alivaa chuma kutoka pajani hadi kiatuni. Aliingia karakanani asubuhi moja, akakizunguka kigari, akainama kutazama chini ya usukani.

"Nimeambiwa hii haina klachi," akasema.

Injinia akamwambia haina klachi wala gia. Yunia akauliza basi mguu wa kushoto unafanya kazi gani. Injinia akajibu, haufanyi kitu, unakaa tu. Yunia akatazama vile vidude viwili vya kukanyaga, cha kuendea na cha breki, vyote vya mguu wa kulia.

"Basi hii gari ilitengenezewa mimi," akasema, "ni vile hamkujua jina langu."

Alitueleza hali yake. Kwa miaka mingi alibebwa kwenye gari la idara lililopeleka chanjo. Gari hilo lilikuwa limeondolewa, na manesi wa kutembea wakaambiwa kila mmoja ajifikishe mwenyewe, hadi Mamboleo kwenye kituo cha mwisho. Asiyeweza angepewa meza kwenye stoo ya dawa. Yunia alisema stoo ni kazi nzuri kwa anayeipenda. Yeye aliwapenda wale kina mama. Kulikuwa na mmoja Manyatta aliyemzalisha mara tano, na alitaka kuiona ya sita.

Afisa wake alikubali jambo moja: atapanda kigari pamoja na Yunia, kutoka hospitali hadi njia panda ya Mamboleo na kurudi. Wakifika, ataandika barua Yunia aendelee na kazi ya kutembea. Wasipofika, meza.

Injinia alimfundisha kuendesha kwa wiki tatu, kwenye barabara za Milimani ambako magari ni machache na nyua ni pana. Alijifunza haraka kuliko sisi sote. Mguu wake wa kulia, uliofanya kazi ya miguu miwili maisha yote, ulikanyaga kwa upole wa ajabu.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Ilikuwa wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za masika, na mwaka ule Ramadhani iliangukia humo. Kigari kilikuwa kikichajiwa kila siku kwa ajili ya mazoezi, na betri zikinywa. Pipa letu la mvua likakauka. Ya dukani hayakuwapo. Nikakumbuka kwamba nyumbani kwa mama yangu, Dunga, kulikuwa na pipa la mvua za vuli, limefunikwa, limejaa nusu. Paa lake lilikuwa la zamani. Jiko la mama lilikuwa upande wa pili wa upepo. Kwa masharti yote ya Mzee Swaleh, yale yalikuwa maji halali. Nikaleta mitungi miwili kwenye mkokoteni.

Mzee akaja, akachungulia mtungini, akainua kidole, kisha akakirudisha. Alikuwa amefunga. Sisi vijana tulimwambia kuonja na kutema hakufunguzi. Akasema labda, lakini yeye hakutaka kubishana na Mungu kwa ajili ya tone.

"Rispa," akasema, "niazime ulimi."

Nilijivuna, siwafichi. Miaka kumi nilimsomea mistari, lakini ulimi ulikuwa wake peke yake. Nikachovya kidole, nikaweka tone, nikafumba macho kama yeye.

"Iko sawa, Mzee," nikasema. "Hii ni maji tu."

Tukajaza seli zote ishirini na nne.

Siku zilizofuata nilipata kazi nyingi. Jioni kielea kilikuwa juu, asubuhi kimezama, bila kigari kwenda popote. Nilidhani ni uzee wa betri. Nikachaji zaidi. Zikanywa zaidi, nikaongeza maji zaidi kutoka mtungini, na nikajisifu kwa bidii yangu. Mzee aliuliza mara moja kama nimesafisha vichwa vya betri, nikasema ndiyo, naye akaniamini.

Asubuhi ya jaribio Yunia alikuja mapema, amevaa sare iliyonyooshwa ikanyooka. Akafungua mlango wa turubai, akanusa.

"Leo kigari kinanuka wodi," akasema. "Ile dawa ya kuosha sakafu."

Tukacheka. Tukamwambia harufu ni yake mwenyewe, kaileta kwenye sare.

Afisa alikuwa mtu mkubwa, mwenye heshima na magoti marefu. Alikaa akiwa ameyakumbatia. Injinia na mimi tukafuata kwa baiskeli, yeye yake, mimi ya kuazima. Hadi Kondele mambo yalikwenda vizuri, kengele ikilia, watu wakipisha. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda kuelekea Mamboleo. Si mlima, ni mwinuko tu, hata muuza mkaa mwenye gunia moja anaupanda kwa baiskeli. Niliona kigari kikipunguza mwendo. Kisha nikaona mkono wa Yunia ukivuta swichi hatua ya nne, na hakuna kilichoongezeka. Kikasimama katikati ya barabara, bila kelele, kama kawaida yake. Wauza nyanya wawili wakaja kusukuma. Afisa akashuka.

Mimi na Injinia tulipofika tulimkuta Yunia anamweleza Afisa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kosa ni lake. Alisema aliogopa mwinuko akakanyaga breki njia nzima bila kujua, umeme ukaisha. Gari halina shida. Apewe siku nyingine.

Afisa akatoa kalamu, akaandika. Sikujua wakati huo ni nini kilichoua betri, lakini nilijua si breki. Nilikuwa nyuma yake, na taa ya breki nilikuwa nimeifunga mimi mwenyewe. Haikuwaka hata mara moja. Nikanyamaza. Injinia naye akanyamaza, kwa sababu Yunia alitutazama kwa jicho la kutunyamazisha.

Tuliporudi Injinia hakula. Alikaa mbele ya chaja, akaiwasha, akanusa. Akaniita ninuse. Mara hii hakukuwa na Yunia wala sare. Ilikuwa ile harufu ya wodi, inatoka kwenye seli, na Injinia akasema chumvi ikiingia kwenye betri ndivyo inavyonuka ikichajiwa. Akachukua baiskeli akaenda kwa mwalimu mmoja wa kemia, akarudi na kichupa kidogo cha kahawia. Dawa iliyokuwemo ukiidondosha kwenye maji yasiyo na chumvi hakuna kinachotokea. Akaidondosha kwenye kikombe cha maji ya mtungi wangu. Maji yakawa meupe kama uji.

Nilitoka hapo moja kwa moja hadi Dunga. Nilimkuta mama yangu juu ya ngazi, akigeuza samaki juu ya paa la nyumba. Walikuwa obambla, ngege waliopasuliwa wakapakwa chumvi na kuanikwa juani. Aliwaanika juu ya paa tangu nikiwa sijajua kutembea, kwa sababu chini kuna mbwa na mbuzi. Siku nilipochukua maji walikuwa wamekwenda sokoni na paa lilikuwa tupu, na sikuwakumbuka. Mfereji wa paa hilo ulikwenda kwenye pipa. Kila mvua iliosha chumvi ya samaki ikaimimina humo, na humo ndimo nilimokunywa tangu utoto. Nilisimama chini ya ngazi nikalia. Mama akaniuliza nani amekufa.

Kesho yake nilimwambia Mzee Swaleh. Alikuwa amekaa juu ya boksi la betri, midomo imekauka kwa saumu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Uliyaonja?" akauliza.

"Niliyaonja."

"Yalikuwaje?"

"Yalikuwa maji, Mzee."

"Umeyanywa tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi mwenye kosa mimi. Nilikuomba ulimi, sikuuliza umekulia wapi."

Hilo halikunisaidia. Ningependa angenigombeza, nikajitetea, mambo yakaisha. Badala yake nilibaki na jambo lililokuwa baya zaidi. Kwenye faili la Yunia kulikuwa kumeandikwa kwamba hawezi kutawala breki. Siku nyingine alipewa, ndiyo, ila Afisa alikuwa ametaka aje dereva mwingine aendeshe, na Yunia akae kando atazame. Gari lingepita na Yunia angekwenda stoo.

Injinia alinisihi nisiende. Alisema Afisa akisikia kwamba gari liliuawa na samaki, mji mzima utacheka na karakana itafungiwa mradi. Alikuwa na haki ya kuogopa, kile kigari kilikuwa kimekula miaka yake mizuri. Nilimwambia samahani, nikachukua kichupa, chupa mbili za maji, na kikombe.

Afisa alinipokea ofisini kwake. Nilimwaga kwenye kikombe maji ya kuchanganyia dawa za sindano, niliyokuwa nimeyaomba kwa Nesi Mkuu wa hospitali, nikadondosha dawa, yakabaki maangavu. Nikamwaga ya Dunga, nikadondosha, yakawa uji. Nikamweleza yote, pipa, paa, samaki, ulimi. Nikamwambia na taa ya breki.

Akakivuta kikombe karibu, akakichungulia.

"Kwa hivyo Sista alinidanganya," akasema.

"Alijisingizia, Bwana Afisa. Alitaka gari ipate nafasi."

"Watu wananidanganya hapa kila siku," akasema, "lakini ni wakijisaidia. Hii ya mtu kujiharibia sijaona." Akafungua faili, akachora mstari juu ya alichokuwa ameandika, akasema baada ya Idi atapanda tena, na Yunia ndiye ataendesha. Kisha akaniuliza kama wale samaki wa mama yangu wanauzwa.

Sasa tulihitaji maji, na mengi, maana betri zilipaswa kumwagwa asidi yote, kuoshwa ndani mara tatu, na kutiwa asidi mpya. Mapaa ya Kisumu sikuyaamini tena hata moja. Yunia ndiye aliyetatua. Alileta kutoka wodi ya wazazi mipira minne myekundu, ile inayotandikwa kitandani mama anapojifungua, iliyochakaa na kuandikwa ya kutupwa. Tuliiosha hadi mikono ikakunjamana, nikapima maji ya suuza kwa kichupa mpaka yakabaki maangavu. Kisha tukaifunga kwenye miti katika ua wa nyumba moja Milimani, imelegea katikati, ndoo chini. Tukangoja mvua itoke mbinguni iingie ndooni bila kupita kwa mtu.

Ilichelewa siku tisa. Kila alasiri mawingu yalijikusanya juu ya ziwa, yakafikiri, yakaondoka. Siku ya kumi ilinyesha ya kutosha kuogesha mji. Yunia alisimama kwenye veranda na chuma chake akitupigia makofi, nasi tukikimbia na ndoo, Injinia bila miwani, mimi bila viatu. Niliacha maji ya robo saa ya kwanza yapotee, kama nilivyofundishwa.

Idi ilikuwa imepita kwa siku mbili. Mzee Swaleh akaja, amevaa kofia mpya. Nilikuwa nimeshayapima kwa kichupa, yakanyamaza. Lakini nilimsogezea ndoo. Akachovya kidole, akaweka tone, akafumba macho.

"Haya hayana kwao," akasema. "Jaza."

Betri mbili hazikufufuka. Tukafunga sita na kuiziba hatua ya nne kwenye swichi. Kigari kikawa kipole zaidi. Siku ya jaribio Afisa aliyakumbatia magoti yake tena, tukaondoka hospitali asubuhi, tukafika Kondele kengele ikilia. Mwinuko ukaanza. Kilipanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani akiwa na nafasi. Mimi na baiskeli yangu nilikipita bila kutaka, nikalazimika kushuka na kungoja. Mwanamke mwenye karai la dagaa wa omena kichwani alitembea sambamba nacho kwa muda akizungumza na Yunia dirishani. Yunia alitazama mbele tu, midomo imebana, mguu wa kulia umetulia.

Kikafika njia panda. Akakigeuza pale kwa wauza ndizi, akakisimamisha, akapiga kengele mara moja. Afisa akashuka, akanyoosha miguu yake mmoja mmoja, akatazama saa.

"Chai nimekosa," akasema, "lakini Mamboleo nimefika. Sista, turudi."

Nililia pale, nimeshika baiskeli, mbele ya watu wa ndizi. Sikuwa nimelia vile hata siku ya ngazi.

Yunia alikiendesha miaka minne na ushee. Aliiona ya sita ya yule mama wa Manyatta, na ya saba ambayo hakuna aliyeitarajia. Kigari cha pili hakikujengwa. Watu wa mjini waliendelea kuuliza kinabeba magunia mangapi. Injinia akaitwa Nairobi kwenye kazi ya jenereta, Mzee Swaleh akafariki, mota ikakosa vipuri, na betri zikafa kifo chao cha haki. Kile kiti cha kahawia mnachokalia mkila mchana, chenye chemchemi inayochoma, ni cha kigari. Yunia alihamia pikipiki ya magurudumu matatu ya idara, na hakuwahi kukaa stoo hata siku moja.

Kichupa cha kahawia nilikibeba hadi siku ya kustaafu, nikikijaza upya kila kilipoisha. Mmoja wenu alinicheka kwamba betri zenu hazinywi maji. Ni kweli. Lakini kila jambo nililopitisha baada ya hapo kwa sababu nimelizoea, nilijiuliza kwanza nimelizoea wapi.

Sasa naishi Dunga, kwenye nyumba ya mama. Yeye hayupo. Jirani anaanika samaki wake juu ya paa langu, nami simkatazi, na pipa bado liko pale pale. Mwezi uliopita alikuja Yunia kunitembelea, amepakiwa kwenye moja ya zile pikipiki zenu. Amezeeka, ana fimbo mbili. Alisema kitu kile hakikumtisha kwa sababu hakikuwa na kelele.

Habari ya faili lake niliwahi kumwambia, na ya samaki pia. Lakini msamaha sikuwahi kumwomba kwa mdomo wangu, kwa sababu yeye kila mara aligeuza maneno. Akaomba maji. Ndani nilikuwa nayo ya kununua, ya chupa. Nikasita, kisha nikachukua kikombe nikachota pipani, nikampa kwa mikono miwili.

Akanywa kidogo, akakitazama kikombe.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya, nyamera, dada yangu."

Akanywa yote, taratibu, hadi mwisho. Akanirudishia kikombe.

"Rispa," akasema, "na mimi ningeyapitisha."